Nani Anamshonea Shati?

Watu wa mtaani kwetu wanasema nimezeeka vibaya kwa sababu naangalia katuni. Waseme. Nimeangalia mambo mabaya kuliko katuni katika maisha haya na hakuna aliyenikataza. Nimeangalia wanaume wazima wakinuniana mwaka mzima kwa sababu ya mpira ambao hawakuucheza wao. Nimeangalia harusi za watu walioachana kabla viti vya kukodi havijarudishwa kwa mwenyewe. Katuni imenikosea nini?

Tena sikuitafuta, ilinikuta nyumbani kwangu nikiwa kwenye cherehani. Nyumba yangu iko juu kwenye mawe, huku ambako mgeni akifika mlangoni inabidi umpe kwanza maji ndipo aweze kutoa salamu. Mwanangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi Usagara, nje ya mji, aliniletea televisheni mwaka uleule alioniletea binti yake nikae naye. Televisheni ikatundikwa ukutani, cherehani ikabaki dirishani, na mtoto akakaa katikati ya hivyo viwili.

Huyo mjukuu alikuwa amemaliza kidato cha nne, na matokeo yake hayakumpeleka popote. Kazi yake ilikuwa kuchora. Alichora nyuma ya karatasi zangu za vipimo, mpaka siku moja nikakata suruali ya mwalimu mkuu kwa kufuata mstari ambao kumbe ulikuwa mkia wa joka. Nilimgombeza, lakini karatasi sikumnyima. Mtu asiyeweza kuketi bila mikono kufanya kitu ni mtu wangu.

Kila Jumamosi mchana watoto wa mtaa walikuja kwangu kuangalia. Walijaa sakafuni mpaka nikawa nakanyaga pedali na kisigino cha mtu kikiwa chini ya meza. Zilikuwa katuni za Kijapani, wao wanaziita anime, na mwaka ule kulikuwa na moja iliyoshika mji mzima. Kijana alikuwa na taa kifuani. Si taa ya kushika, taa ndani ya mwili, chini kidogo ya mfupa wa shingo. Akikasirika inawaka, ikiwaka shati linaungua, na shati likiungua adui anarushwa ng'ambo ya mlima. Alikuwa anamtafuta dada yake aliyechukuliwa na wafalme saba wa upepo. Kila mfalme mmoja alimchukulia wiki kadhaa kumpiga, maana walikuwa wanaongea sana kabla ya kupigana, kama wajumbe wa kikao.

Nikaangalia. Kwanza kwa pembe ya jicho, baadaye kwa macho yote mawili. Siku moja nikauliza, "Nani anamshonea shati?"

Wakageuka wote.

"Bibi?"

"Huyo kijana. Jumamosi iliyopita shati lake liliungua lote, tumeona mpaka mbavu. Leo amevaa jipya, lilelile, kola ileile. Na kabla ya hapo liliungua tena. Hana mama, hana mke, dada kaibiwa. Fundi wake ni nani?"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na muhogo. "Bibi, hiyo ni katuni!"

"Najua ni katuni. Nauliza fundi."

Wakageukia kioo tena. Lakini nilikuwa nimeshona nguo za watu zaidi ya miaka arobaini, na macho yangu hayawezi kuacha kuona. Kitu kinachoungua na kurudi kizima hakijaungua.

Sasa nisijifanye malaika. Ile katuni ilinilisha. Vinyozi wa barabara ya chini walikuwa wanakata nywele za yule kijana, zile zenye mapengo ya kando. Bodaboda waliichora taa kwenye vizuia matope. Na wazazi wakaja kwangu na vitambaa: bibi fundi, nishonee ya taa, mtoto haniachi nilale. Nikashona. Kitambaa cheupe, taa ya rangi ya chungwa upande wa kifua, na miale kuizunguka. Mjukuu wangu ndiye aliyenichorea mfano, na mimi nikapitisha sindano. Tulishona mpaka kitambaa cha rangi ya chungwa kikawa hakipatikani, nikakata gauni langu la zamani.

Hapo ndipo likanikuta la kanisani.

Mama mwenyekiti wa jumuiya yetu alipita kwangu kuchukua sketi yake, akayaona mashati yananing'inia kwenye kamba. Akasimama. Akaweka mkono kifuani. "Bibi," akasema, "umefanya utume mkubwa kimyakimya. Watoto wa mtaa mzima umewavika Moyo Mtakatifu."

Nikaangalia shati. Jeupe, moto kifuani, miale. Ni kweli, ukiwa na imani na huna miwani, ndivyo ilivyo.

Nilipaswa kusema palepale. Sikusema. Alikuwa ananisifu, na mama yule huwa hamsifu mtu mpaka afe. Akaagiza mashati ya watoto wote wa jumuiya kwa ajili ya sikukuu ya mwezi wa sita. Nikameza mate nikasema, "Nitajitahidi." Mjukuu wangu, nyuma ya pazia, alikuwa ameng'ata khanga ili asicheke.

Siku ya sikukuu watoto waliandamana wakiwa weupe kama korongo, wamependeza, padri anatabasamu. Tukafika uani. Mtoto mmoja akamsukuma mwenzake, yule mwenzake akapanua miguu, akapiga kifua, akapiga ule ukelele wa yule kijana anapowasha taa. Wote wakapokea. Watoto karibu arobaini, uwanja wa kanisa, wanapiga vifua na kulipuka. Mmoja akaruka kutoka kwenye ngazi za kanisa akitangaza kwamba yeye ndiye mfalme wa nne wa upepo.

Mama mwenyekiti alinitafuta kwa macho katikati ya watu. Alinipata.

Nikaitwa kwenye jumuiya wiki ileile. Tulikaa kwenye viti vya plastiki uani kwake, wanawake wote wamekunja mikono. Nilijua naitiwa shari, lakini mlima niliushuka mwenyewe kwa miguu yangu.

"Bibi, umetuvisha mashetani," akaanza. "Watoto wetu wamevaa picha ya pepo wa Kijapani mbele ya altare."

"Kosa langu ni kunyamaza," nikasema. "Hilo nakubali, naomba radhi. Lakini pepo hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Kwa sababu shetani angekaa." Nikaendelea. "Shetani akiingia kwa mtu anakaa, mnajua wenyewe, mnamkemea mwezi mzima. Hiki kitu hakikai. Muulizeni mtoto yeyote hapa wiki iliyopita mfalme gani alipigwa. Hakumbuki. Kinawaka, kinazima, mtoto anaomba chai. Mnaogopa kitu ambacho hakina hata nguvu ya kubaki."

"Bibi, usituzungushe."

"Siwazungushi. Ule Moyo wa ukutani kwenu una jeraha. Una miiba. Mchoraji hakuthubutu kuifuta. Na Bwana alipofufuka, mwenye uwezo wote, angeweza kurudi mzima bila kovu. Alirudi na matundu mikononi, akamwambia yule mwenye mashaka atie kidole. Huyu kijana wa taa anaungua leo, kesho hana hata lengelenge. Ndiyo maana mimi najua si dini, na najua pia si shetani. Ni moshi tu."

Mama mmoja aliyekuwa pembeni akatoa kicheko kupitia puani. Mwenyekiti hakucheka. Nilipewa adhabu ya kufagia kanisa majuma manne, nikafagia, na nikafagia vizuri kuliko waliokuwa wanafagia kabla. Lakini nilikuwa nimesema kitu nilichokuwa sijakijua mpaka kilipotoka mdomoni mwangu, na nilipanda mlima nikikitafuna.

Katuni ikaisha. Siku ya mwisho chumba changu kilijaa mpaka mlangoni. Mfalme wa saba akapigwa, dada akapatikana. Yule kijana akamkumbatia, muziki ukapanda, taa ikajaa kioo chote. Nikageuka kutazama nyuso za watoto. Walikuwa wanatafuna. Hakuna hata mmoja aliyelia. Na mimi, ambaye hulia hata mbuzi wa jirani akipotea, macho yangu yalikuwa makavu kama udongo wa kiangazi. Dada huyo tulimtafuta sizoni nne, na hatukuwahi kujua hata anapenda kula nini. Utamlilia vipi mtu ambaye hujui chakula chake?

Wiki mbili baadaye hakuna aliyemtaja tena. Mashati kumi na moja ya taa yalibaki kwenye kamba yangu, wenyewe hawakurudi kuyachukua. Nikikutana na mzazi njiani nasema, "Shati la mwanao liko tayari," ananitazama kama nimemkumbusha ugonjwa aliopona. Nikayakata nikatengeneza vishikio vya sufuria. Kama unataka kujua kitu maarufu kinaishia wapi, njoo jikoni kwangu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwanangu alipiga simu siku moja akasema, "Mama, huyo mtoto amekaa kwako mwaka mzima. Dukani nahitaji mtu wa kupima misumari na kuandika mizigo. Nakuja Jumapili ya tatu kuanzia leo, baada ya misa. Kama ana kitu cha maana alichokifanya mwaka huu anionyeshe. Kama hana, afunge begi, tunaondoka naye."

"Anachora," nikasema.

"Mama. Hata kuku anachora, mwangalie miguu yake mchangani."

Nilimpa simu binti yake. Akaitikia "ndiyo baba, ndiyo baba," na alipokata uso wake ulikuwa umekauka. Sikumuuliza kama anataka kwenda Usagara. Nilimwona anavyoyatazama mawe ya nje, na chini kule ziwa, kama mtu anayepanga atachukua nini na nini hakitaingia kwenye begi.

Kesho yake akaniletea daftari kubwa. "Bibi, hiki ndicho nitamwonyesha baba. Nimekuwa nakichora kwa siri."

Nikafungua. Mkono wake ulikuwa mzuri, hilo nitalisema mbele ya yeyote. Lakini alikuwa amechora yule kijana wa taa. Amembadilisha nywele, amempa mkuki, wafalme saba amewafanya tisa.

"Unaonaje?"

"Imekufa," nikasema.

Akalipuka. "Bibi, hii ndiyo watu wote waliipenda! Mji mzima! Wewe mwenyewe ulishona!"

"Nilishona, na niliyoshona yanashika sufuria. Kaa chini."

Kwetu Ukerewe, nilikokulia, mama yangu alikuwa na utaratibu wake. Ukisimuliwa hadithi leo, kesho unairudisha. Unakaa naye mnamenya muhogo au mnachambua maharage, na unamsimulia yeye ile hadithi aliyokupa, mikono isisimame. Yeye hasikilizi maneno, anaangalia mikono. Ukifika mahali mikono ikasita yenyewe bila wewe kutaka, mama alikuwa anasema, "Hapo ndipo hadithi ilipo." Na kama umemaliza beseni zima na mikono haijasita hata mara moja, alikuwa anasema aliyesimulia amekula bure.

Nikamwekea mjukuu wangu sinia la maharage. "Nirudishie kijana wa taa. Tangu mwanzo."

Akaanza kwa hasira, anachambua anarusha mawe chini. Kijana akakutana na mfalme wa kwanza, akapigwa, akakasirika, taa ikawaka, akashinda. Halafu mfalme wa pili, huyo alikuwa na upepo wa baridi, akapigwa, akakasirika. Halafu wa tatu. Mikono yake ilikuwa inakwenda kama cherehani ya umeme. Alipofika kwa mfalme wa tano akaanza kuchanganya, wa tano akamweka mahali pa wa sita, na haikuleta tofauti yoyote.

"Dada yake aliitwa nani?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa, mikono ikiendelea.

"Uliangalia sizoni nne."

"Najua, Bibi."

Halafu akasema, polepole, "Kuna ile ya mwanzoni kabisa. Kabla hajakutana na yeyote. Alikuwa na shati moja tu. Akalifua, akalitundika kwenye mnyororo, akawa anasubiri likauke. Baridi inampiga, amejikunja, taa ndogo inawaka kifuani, na anaikinga kwa mikono ili ajiote nayo mwenyewe."

Harage lilikuwa kati ya vidole vyake, na vidole vimetulia.

Nami niliikumbuka hiyo. Nilikuwa nimeiona kwa pembe ya jicho, nikashona mshono kombo. Alikuwa na shati moja. Lingeendelea kuwa moja, likaungua, likatiwa kiraka, na kiraka kikaungua, na sisi tukaona mwisho wake amekutana na dada yake akiwa amevaa viraka vitupu, ningelia mpaka mawe yasikie. Lakini watu walimpenda, na waliomtengeneza wakaona amependwa, wakamtajirisha. Wakampa mashati yasiyokwisha. Kitu cha kwanza ambacho umaarufu unamnyang'anya mtu ni shida zake, na bila shida zake hatumtambui.

"Basi nichore nini?" akauliza. "Zimebaki siku kumi na nane."

Hapo na mimi nikakosea, kwa majivuno. Nikamwambia achore hadithi yangu ya sungura na fisi, ile niliyosimuliwa na mama. Nilikuwa na hakika. Akachora siku nne. Akaniletea, nikaangalia, nikasikia aibu. Sungura alikuwa mjanja, fisi mjinga, kama walivyokuwa tangu dunia iumbwe. Mama yangu alipoisimulia fisi alikuwa anafanana na baba yake mdogo aliyekula mbegu za ukoo mzima, na sisi tulimjua, tulimsalimia. Huyu wa kwenye karatasi hakuwa mtu yeyote. Nikachana mwenyewe. Mjukuu wangu alinitazama kwa namna ambayo nilistahili.

Kutoka hapo akanificha. Alikuwa anachora uani nyuma ya tenki la maji, nikipita anafunika. Nikaacha kupita.

Jumamosi kabla ya baba yake kuja, alinikuta nakunja nguo, akaniwekea karatasi kwenye mapaja akaondoka haraka kama mtu aliyeacha moto.

Nilikuwa mimi.

Alikuwa amechora mwanamke amekaa kwenye mkeka, na ukurasa mzima wa kwanza ni mkeka tu na miguu ya watu. Nikajua mara moja ni siku gani. Siku aliyokufa mume wangu, babu yake. Nilikuwa nimemsimulia mara moja tu, wala si kama hadithi. Aliniuliza kwa nini kwenye picha ya ukutani bega moja la babu limeshuka, nikamjibu huku napiga pasi.

Mume wangu alibeba mizigo bandarini tangu ujana. Magunia ya pamba yalimshusha bega la kulia, likabaki hapo. Shati la dukani lilimkaa kama limetundikwa kwenye msumari. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kumkatia, bega moja chini ya lingine kwa upana wa vidole viwili, na akilivaa alisimama kama watu wote. Alipofariki, ndugu zake wakaleta shati jipya la dukani. Nikasema hapana. Wifi yangu mkubwa akanijibu mbele ya waombolezaji, "Mjane hashiki mkasi. Ukikata kitambaa kabla hajazikwa unakata ukoo." Nikamwambia, "Ameishi na bega lake, atazikwa na bega lake." Nikachukua kitambaa cheupe cha sare ya shule ya mtoto wa watu, nikakata pale pale mkekani. Cherehani hairuhusiwi kulia kwenye msiba, kwa hiyo nikashona kwa mkono. Machozi hayakuniruhusu kuona tundu la sindano. Mwanangu, wakati huo yuko darasa la tano, akatoka kwa wanaume walikomkalisha, akaja akakaa kando yangu, akawa ananitungia uzi.

Yote alikuwa ameyachora. Wifi na kidole chake. Mkasi ukiwa mkubwa kuliko watu. Mkono wa mtoto na sindano. Ukurasa wa mwisho haukuwa na kaburi wala msalaba, ulikuwa na bega tu, limekaa sawa ndani ya shati.

Nilimfuata uani na karatasi mkononi. "Nani alikupa ruhusa? Hii si hadithi. Hii ni yangu!"

"Ulinipa, Bibi. Nimeirudisha."

"Nilikuambia uwaonyeshe watu nilivyolia?"

"Hukulia kwenye picha hata moja," akasema. "Angalia. Nimechora mgongo wako tu."

Nikaangalia. Alikuwa amesema kweli. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikazitazama zile karatasi mpaka chai ikapoa, na nikashindwa kusema kwamba zimekufa. Nilitaka kusema. Ingekuwa rahisi kwangu. Nikamrudishia nikasema, "Masikio ya wifi yalikuwa makubwa zaidi."

Jumapili mwanangu akafika na gari lake la mizigo, akaliacha chini akapanda kwa miguu, anahema, suti ya misa imelowa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kunywa maji."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Begi liko wapi?"

Lilikuwa mlangoni, limefungwa. Akaridhika kuliona. "Haya, nionyeshe hicho kitu chako, jua lisituzamie njiani."

Binti akampa karatasi. Akazipokea kwa mkono mmoja, mwingine unapangusa shingo. Akaangalia ya kwanza akiwa amesimama, kama anavyoangalia risiti. Ya pili. Kwenye ile ya mkasi akaacha kupangusa shingo.

"Nani kakusimulia haya?"

Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye droo ya cherehani.

Akafika kwenye ile ya mkono wa mtoto na sindano. Hapo akakaa. Hakutafuta kiti, alikaa juu ya begi, na begi likabonyea. Nikawaza, sasa ataona aibu, ataona tumemdhalilisha, mtu mzima mwenye duka. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno tayari, makali, ya kumwambia kwamba misumari yake inaweza kupimwa na mtu yeyote mwenye macho mawili.

"Hii si sawa," akasema.

"Nini si sawa?" Nikamgeukia nikiwa nimeshika kiuno.

"Uzi. Amechora mweusi."

"Ulikuwa mweusi. Mweupe uliisha. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Ulikuwa wa bluu, Mama."

"Bluu? Shati la marehemu nilishone kwa uzi wa bluu?"

"Ule wa kaptula za sare. Mweusi nao ulikuwa umeisha, ulinituma kwenye kopo nikauleta. Mimi ndiye niliyeulamba ule uzi, Mama, kila ulipokatika. Rangi ilinibaki kwenye ulimi. Shangazi alinifukuza kwenye maji ya kunywa akasema nimekula wino." Akanyoosha karatasi kwa binti yake, kidole kiko kwenye mstari. "Hapa. Na mimi sikuwa nimevaa viatu."

"Ndiyo, baba."

"Na kwa nini umeandika kwamba nilikuja mwenyewe? Nilitumwa. Babu yako mdogo, ndugu wa marehemu, aliniambia nenda kwa mama yako."

"Sijaandika, baba. Ni picha."

"Basi mchore babu mdogo." Akasimama, akajipangusa suruali. Alilitazama begi alilokuwa amelikalia kama vile ni la mtu mwingine. "Itakuchukua muda gani kurekebisha?"

"Sijui, baba. Kama nikiweka na babu mdogo, labda mwezi."

"Dukani nitatafuta mtu." Alisema hivyo akiwa tayari ameshageuka, anashuka mawe upande upande kwa sababu ya magoti, na hatukumwona uso. Alipofika chini alipiga kelele kutoka kwenye gari, "Bluu!"

Mama mwenyekiti ananiambia nimemharibu mtoto, nimemnyima kazi ya maana kwa baba yake, nimemwachia achezee makaratasi. Namwambia ndiyo, nimemharibu, na nikipata mwingine nitamharibu pia. Yeye aendelee kuwafunza wake vitu vinavyosahaulika.

Lakini jioni ile ile nilimwambia mjukuu wangu asibadilishe. Uzi ulikuwa mweusi, mimi ndiye niliyeshona, mkono wangu ndio uliotoboka, na yule mtu wa Usagara alikuwa mtoto wa darasa la tano mwenye njaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akaazima kalamu ya bluu kwa jirani.